Ukurasa wa Kisamvu cha Korosho

Kila kipindi cha Kiswahili kilipokaribia, Yasmini aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, anasoma darasa la tano katika shule moja ya msingi hapo Nkowe, wilayani Ruangwa, na mambo mengi aliyamudu vizuri tu. Hesabu za sehemu hazikumtisha. Baiskeli ya baba yake, ile ndefu ya kiume, aliiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, na akina mama wakimwona walicheka mpaka wakashika mbavu. Kilichomshinda ni insha. Akiambiwa aandike insha, aliandika mistari minne, akaitazama dari, akaliandika jina lake upya kwa mwandiko mzuri zaidi, na kengele ikalia.

Tena hata hiyo mistari minne haikuwa yake. "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilikuwa linang'aa na ndege walikuwa wanaimba juu ya miti." Darasa zima lilianza hivyo hivyo. Mgeni akiyasoma madaftari yao angedhani Nkowe haina siku nyingine isipokuwa Jumamosi, na kwamba mvua haijawahi kunyesha tangu dunia iumbwe.

Nyumbani kwao, Yasmini aliishi na wazazi wake, mdogo wake Mudrik, na Bibi Mwantumu, mama mzazi wa baba yake. Bibi alizungumza Kimwera, lugha ya kwao, toka asubuhi mpaka usiku. Kiswahili alikuwa nacho, lakini alikitoa kwa wageni na sokoni tu, tena kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mchele. Siku za mkutano wa wazazi, baba huwa shambani na mama yuko gulioni Ruangwa, kwa hiyo mtu wa kwenda alikuwa Bibi. Hakwenda hata mara moja.

"Kiswahili chenu cha shule kinanipita," alisema kila alipoombwa. "Nitakaa pale kama gunia la ufuta. Wewe nenda, mimi nina kazi."

Jambo hili lilimuuma Yasmini kuliko alama mbovu za insha. Bibi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kuwasha moto wakati wa mvua na kumjua kuku mgonjwa kwa kumtazama tu. Alitamani siku moja amwone ameketi shuleni kwenye benchi la mbele, anasikiliza mjukuu wake akisoma.

Mwezi wa saba akaja mwalimu mpya wa Kiswahili. Aliitwa Mwalimu Aurelia, mwenyeji wa Bukoba, na Nkowe alikuwa hajawahi hata kuisikia mpaka siku alipopewa barua ya kupangiwa kazi. Alisoma insha za darasa la tano kwa wiki tatu. Wiki ya nne akaingia darasani, akaweka rundo la madaftari mezani, akashika kiuno.

"Leo sitaki Jumamosi na sitaki ndege," alisema. "Fumbeni macho. Kila mmoja akumbuke chakula kimoja alichokula, kikamkaa moyoni. Asifikirie kingine."

Watoto wakafumba macho huku wakicheka. Harithi, aliyekaa dawati moja na Yasmini, akanyoosha mkono. Huyu Harithi darasani hujibu "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu", basi.

"Mwalimu, hata ming'oko?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Aurelia hakucheka, kwa sababu hakuelewa. "Ming'oko ni kitu gani?" aliuliza.

Kicheko kikakatika. Mtu mzima, mwalimu, hajui ming'oko? Harithi akasimama. Akaeleza kwamba ni viazi vya porini, vyembamba, vinachimbwa chini sana, na ukichimba kwa haraka unavikata. Unaviosha, unavipanga kwenye chungu, unatia maji na chumvi, unafunika. "Si kufunika tu," Rukaiya akadakia kutoka nyuma, "unafunika kwa majani kwanza." Mwingine akasema bibi yake hatumii majani. Ubishi ukaanza, na kila aliyebisha ilimbidi aeleze. Mwalimu aligeukia ubao, akawa anaandika kila kitendo anachokisikia: kuchimba, kung'oa, kuparua, kuosha, kupanga, kufunika, kuchochea, kuepua, kumenya.

Alipoweka chaki chini, ubao ulikuwa umejaa. "Hebu tazameni," alisema. "Mmezungumza nusu saa kwa Kiswahili kizuri, na hakuna hata mmoja aliyetazama dari. Kumbe maneno mnayo. Yalikuwa jikoni."

Ndipo akawaambia mpango wake. Darasa la tano litatengeneza kitabu cha mapishi. Kila mtoto ataandika ukurasa mmoja juu ya chakula anachokikumbuka yeye mwenyewe, kilipikwa siku gani, nani alikuwepo, na kilipikwaje. Siku ya mkutano wa wazazi, mwezi wa kumi na moja, kila mwenye ukurasa atausoma mbele ya watu. Kulikuwa na sharti moja tu. Kabla ukurasa haujaingia kitabuni, mtu asiyekijua chakula hicho atakipika kwa kufuata karatasi peke yake, bila kuuliza. Akishindwa, ukurasa haujapita.

Yasmini alirudi nyumbani anaruka ruka. Na hapo, badala ya kufikiria jiko la kwao, akafikiria wazazi watakaokuwa wamekaa kwenye mabenchi na nguo zao safi. Aliona haya. Utasimamaje mbele ya watu wazima kusoma habari za mboga za majani? Akaandika biriani. Biriani alikuwa ameiona kwenye simu ya dada yake mkubwa Munira, anayeishi Nachingwea, video moja, akairudia mara tatu. Akajaza ukurasa mzima kwa mara ya kwanza maishani mwake, na akalala ana furaha.

Kesho yake wakati wa mapumziko Mwalimu Aurelia akamwita.

"Biriani hii uliila wapi, Yasmini?"

Yasmini akaanza kukunja pindo la sketi yake.

"Vitunguu alikata nani?"

"Watu," akajibu Yasmini.

"Watu gani?"

Yasmini akavitazama vidole vyake vya miguu kama vile leo ndiyo anaviona. Angeweza kutaja shangazi fulani, na mwalimu asingejua. Lakini uongo ule ungehitaji kulishwa kila siku mpaka siku ya mkutano. "Niliiona kwenye simu, mwalimu," alisema. "Sijawahi kuila."

"Asante kwa kuniambia." Mwalimu alimsogezea kiti. "Biriani haina ubaya. Ila humu kwenye karatasi yako nimetafuta mtu sikumwona. Hakuna anayepuliza moto, hakuna anayekohoa moshi. Nyumbani kwenu mnapika nini?"

"Mboga tu. Kisamvu."

"Na katika visamvu vyote ulivyokula, hakuna hata kimoja unachokikumbuka?"

Yasmini akacheka kabla hajajizuia. Kilikuwepo. Akaanza kusimulia, na akasahau kuogopa.

Alikuwa na miaka sita. Alfajiri baba alimpakia mama kwenye baiskeli kumpeleka zahanati kujifungua, na Bibi akabaki anamwandalia chakula, kisamvu cha korosho. Bibi alitwanga majani, akatia korosho zilizotwangwa, akampa Yasmini mwiko. "Koroga, usiache," alimwambia. Akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Mara wakasikia kengele ya baiskeli kutoka mbali, inalia mfululizo njia nzima, baba anapiga tu kengele kama mwendawazimu. Bibi akajua. Akapiga vigelegele hata majirani wakatoka. Yasmini akaacha mwiko na kukimbilia nje, kisamvu kikashika chini ya sufuria. Walikipeleka zahanati hivyo hivyo, mama akakila huku kamshika Mudrik mchanga, akasema kile kilichoshika chini ndicho kitamu zaidi.

"Nenda kaandike hivyo hivyo ulivyonisimulia," Mwalimu Aurelia alisema.

Ukurasa ule haukumpa Yasmini taabu. Uliandikwa jioni moja, ukawa ukurasa na nusu. Mwalimu aliusoma mara mbili, akacheka palipostahili kuchekwa, halafu akatangaza darasani kwamba huu ataupika yeye mwenyewe. Kisamvu hakuwahi kupika, na korosho alizozijua ni zile nyeupe zinazouzwa kwenye pakiti stendi.

Mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kuanguka, Bibi akaambiwa kuwa mwalimu anataka kupika chakula chake, akaweka ungo chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifuko cha korosho za msimu ule, zikiwa na maganda yake, akakifunga fundo. "Mpelekee," alisema. "Mwambie ni za juzi."

"Bibi," Yasmini akauliza, "ukurasa wangu ukipita, utakuja mkutanoni kunisikiliza?"

Bibi akamtazama. Labda alidhani jambo hilo haliwezekani, labda alichoka kukataa. "Ukipita, nitakuja."

Ijumaa Yasmini akakikabidhi kifuko. Mwalimu alikipima mkononi, akafurahi. "Kesho mchana napika. Nitafuata karatasi yako neno kwa neno, siongezi na sipunguzi. Jumatatu tunashona kitabu, kwa hiyo kesho ndiyo siku yako."

Jumamosi asubuhi Yasmini na Bibi walikuwa shambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijijini. Yasmini aliendesha baiskeli na Bibi alitangulia alfajiri. Waliokota korosho chini ya mikorosho, wakazinyofoa kwenye mabibo, yale matunda yake laini, wakazimwaga kwenye kiroba. Jua lilipopanda Bibi akasema njaa inauma. Akainjika kipande cha debe lililotobolewa juu ya mafiga matatu, akamimina korosho kiasi, akachochea moto.

Mafuta ya maganda yakaanza kutoa povu na kulia chwa, chwa, moshi mzito mweusi ukapanda. "Sogea," Bibi akasema bila kugeuka, "upepo umegeuka." Yasmini akasogea, kama alivyosogea maelfu ya mara. Kila mtoto wa Nkowe anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi na kuibabua, na kwamba korosho lazima ichomwe kwanza mafuta yatoke, ndipo ibanguliwe, yaani ivunjwe ganda.

Yasmini akasimama kama aliyegandishwa. Aliiona karatasi yake waziwazi kichwani. *Kisha Bibi akabangua korosho, akazitwanga kwenye kinu.* Moto hakuutaja wala debe. Hakuandika popote kwamba zichomwe. Isingemjia akilini, kwa sababu huko kwao hakuna mtu anayeambiwa jambo hilo, sawa na kuambiwa ufumbue mdomo kabla ya kula. Na Mwalimu Aurelia, kutoka Bukoba, atafuata neno kwa neno.

Labda mwalimu anajua, alijiambia. Labda jirani atamwona na kumwambia. Kwa sababu Yasmini akienda kusema, ndiyo basi, atakuwa ameukataa ukurasa wake kwa mdomo wake mwenyewe. Jumatatu kitabu kitashonwa bila yeye, na Bibi atabaki nyumbani. Alisimama hapo na mawazo hayo kwa muda mfupi, kisha akakumbuka swali la mwalimu siku ile darasani: ming'oko ni kitu gani? Aah, huyu hajui. Hajui kabisa.

"Bibi," akasema kwa Kimwera, "mwalimu atazibangua mbichi. Sikuandika kuzichoma."

Kijiti cha kukorogea kikamponyoka Bibi mkononi. "Panda baiskeli," alisema. "Kimbia."

Yasmini alipitisha mguu kwenye fremu na kuondoka. Njia ilikuwa na mchanga, gurudumu likazama mara mbili, akashuka akasukuma, akapanda tena. Mtandio ulimvuka kichwani ukabaki shingoni. Aliwapita watu bila kuwaamkia, jambo ambalo baadaye lilimletea maneno nyumbani. Kitu kimoja tu alikuwa nacho kichwani, mikono ya mwalimu.

Mwalimu Aurelia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake karibu na shule. Mbele yake palikuwa na jiwe, kisu, kifuko kilichofunguliwa, na ile karatasi imebanwa na kopo la chumvi isipeperuke. Ndani jikoni kisamvu kilikuwa kinachemka, harufu ikitoka mlangoni.

"Karibu, Yasmini," alisema akitabasamu. "Bibi yako ana mikono ya chuma. Hizi nimezipiga kwa jiwe, nikapata tatu tu. Hii sasa naijaribu kwa meno." Na akaipeleka korosho mdomoni.

"Mwalimu, usiweke mdomoni. Itupe chini."

Yasmini hakuwahi kumwamuru mtu mzima. Mwalimu akaitupa. Akavitazama vidole vyake viwili, vilikuwa na utomvu wa kahawia. "Kweli vinawasha," alisema polepole.

"Usijishike macho. Lete mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni." Yasmini akampaka mafuta, akamsugua, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, akampaka na kumwosha tena. Kazi ilipokwisha, akasimama wima kama wanavyosimama mbele ya ubao.

"Mwalimu, karatasi yangu ina kosa. Sikuandika kwamba korosho zinachomwa kwanza. Mimi nilijua, nikasahau kuwa wewe hukukulia huku. Ukurasa wangu haufai." Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatiririke.

Mwalimu Aurelia akaichukua karatasi, akaikung'uta chumvi. "Ni kweli," alisema. "Kwa sharti letu, ukurasa huu haujapita." Hakulainisha neno. Yasmini akatikisa kichwa kukubali. "Lakini kitabu kinashonwa Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Jua linang'aa, tena naona na ndege wanaimba. Kalamu hii hapa."

Yasmini akacheka huku kamasi zinamtoka. Kabla hajashika kalamu, pikipiki ikaingia uani kwa vumbi. Nyuma ya dereva alikuwa Bibi Mwantumu, kakumbatia debe lenye masizi, ncha ya kanga kaing'ata kwa meno. Bodaboda alikuwa hajapanda tangu azaliwe. Alishuka, akashika ukuta.

"Shikamoo, Bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono." Bibi akavigeuza vile vidole juani, akafyonya. "Utachubuka. Si sana. Utapona." Hayo yalikuwa maneno mengi ya Kiswahili kwa Bibi, na bado siku ilikuwa ndefu.

Wakawasha moto uani. Bibi alitenda, Yasmini akaandika, na mwalimu akasoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Bibi alisikiliza huku kainamisha kichwa upande mmoja.

"Hapo umeruka," alisema ghafla.

"Wapi, Bibi?"

"Umesema mimina korosho. Azimimine wapi? Kwenye mkeka? Ataunguza nyumba ya watu. Sema mchanga."

Yasmini akaandika kwamba korosho zikishika moto zinamwagwa kwenye mchanga na kufunikwa kwa mchanga mpaka moto uzime na mafuta yafyonzwe. Bibi akamsimamisha tena. Asimame upande ule upepo unakotoka, hilo hujaandika. Asubiri zipoe. Azipige kwa kijiti pale ubavuni zilipopinda, si tumboni, zisisagike. Palipokuwa na kitu ambacho Bibi alikijua kwa Kimwera tu, wote watatu walikitafutia maneno ya Kiswahili, wanajaribu hili wanaacha lile, mpaka Bibi aliporidhika. Ile ngozi inayobaki juu ya punje iliwachukua muda. Mwishowe Yasmini akaandika "ganda la ndani, jembamba, la rangi ya kahawia", na Bibi akasema, "Eeh, ndiyo hiyo."

Yasmini alimtazama bibi yake kwa mshangao. Huyu ndiye aliyedai kuwa Kiswahili cha shule kinampita, na sasa hapakuwa na pengo lililompita.

Karatasi mpya ilipokamilika, Mwalimu Aurelia akasema lazima aanze upya kwa korosho zilizobaki, yeye peke yake, na wao wasimwambie kitu. Mtihani ulikuwa mgumu kwa wanaotazama kuliko kwa mtahiniwa. Mwalimu alisoma mstari, akatenda, akasoma mwingine. Aliposita kwenye upepo, Bibi akajiziba mdomo kwa kanga asiseme. Mwalimu akarudi kwenye karatasi, akasoma tena, akazunguka upande wa pili wa moto. Bibi akashusha pumzi. Punje zikatoka nyeupe, nyingine nzima, nyingine vipande. Zikatwangwa, zikatiwa kwenye kisamvu, kikakorogwa mpaka kikawa kizito na kung'aa, chumvi ikatiwa mwisho.

Walikula kwa ugali wa muhogo, kwenye sahani moja. Bibi alionja, akatafuna taratibu, huku mwalimu na Yasmini wakimkodolea macho. "Imekuwa mboga," alisema.

"Basi umepita," Mwalimu Aurelia akamwambia Yasmini. Yasmini akacheka na tonge mdomoni.

Siku ya mkutano, Bibi Mwantumu alifika kabla hata ya mwalimu mkuu. Alivaa kanga mpya, akakaa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Watoto walisoma mmoja baada ya mwingine. Harithi alisoma ming'oko yake na watu wakameza mate. Yasmini aliposimama, hakuitazama dari. Alisoma kengele ya baiskeli, vigelegele, kisamvu kilichoshika chini, moto na mchanga, na hakuna aliyekohoa mpaka alipofika mwisho. Makofi yakapigwa. Mama yake, aliyeacha kwenda gulioni siku hiyo, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwalimu Aurelia akasimama, akawaonyesha wazazi vidole vyake viwili vilivyochubuka. Wenyeji wote walijua maana yake, wakacheka.

"Vidole hivi ni kosa la sentensi moja iliyokosekana," alisema. "Watoto wangu, mnapoandika, anayesoma hakuwepo jikoni kwenu. Msimnyime jambo kwa kuwa kwenu ni la kawaida. Andikeni mnachokijua wenyewe, kwa maneno yenu, na muandike chote. Na ukigundua umekosea, usingoje mtu aumie ndipo useme. Yasmini alikuwa tayari kuukosa ukurasa wake ili mikono yangu ipone. Alama ya hilo siwezi kuiandika daftarini, lakini ndiyo kubwa kuliko zote nilizotoa mwaka huu."

Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mzazi mwenye swali. Kama kawaida ya mikutano hiyo, watu wakatazamana. Kisha benchi la mbele likalia, na Bibi Mwantumu akasimama. Alirekebisha kanga yake begani bila haraka.

"Mimi ninauliza," alisema kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika hadi nyuma. "Kitabu hicho kina nafasi bado? Mimi ninakumbuka chakula cha harusi yangu. Leo hakuna anayekijua. Nikisema, nani ataandika?"

Mikono ikanyooka darasa zima la tano, Harithi akiwa amesimama kabisa juu ya benchi. Yasmini hakunyoosha mkono. Alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.